Njia ya Chemchemi: Kwa Karavani Katika Jangwa la Australia Kusini

Port Augusta

Ukitoka Adelaide kuelekea kaskazini, kijani kinaisha upesi. Asubuhi unapita mashamba ya ngano. Ikifika alasiri, kulia kwako imesimama milima mikavu yenye rangi ya kutu, na kushoto ghuba ya Spencer inazidi kuwa nyembamba mpaka inakatika. Hapo inapokatika ndipo ulipo mji wa Port Augusta, kilomita 300 hivi kutoka Adelaide. Ukiupa mji huo mgongo na kushika kaskazini, hutaiona bahari tena mpaka Darwin, upande wa pili wa bara.

Tulikuwa watatu: kaka yangu, ambaye amekuwa muuguzi Adelaide kwa miaka mingi, wifi yangu, na mimi niliyetoka Tanga. Nyuma ya gari tulikokota karavani, yaani chumba cha magurudumu chenye vitanda, jiko la gesi, friji ndogo na matangi ya maji. Kule ni namna ya kawaida ya kusafiri. Wastaafu wengi hufunga nyumba zao majira ya baridi, wakakokota vyumba vyao kaskazini kulifuata jua. Nasi tuliondoka Julai, katikati ya baridi yao, kwa sababu kiangazi cha jangwa hilo ni kikali mno. Mji wa Oodnadatta, ulio kwenye njia hiyohiyo, ulipimwa nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960, na mpaka leo Australia haijarekodi joto la kuupita.

Kilichonivuta ni njia yenyewe. Kaskazini ya Port Augusta, pembezoni mwa jangwa, kuna mlolongo wa chemchemi zinazobubujika katikati ya ukame. Wenyeji wa asili walizifuata kwa maelfu ya miaka, wakibeba udongo mwekundu wa rangi na bidhaa nyingine za kubadilishana. Mpelelezi John McDouall Stuart alizipitia, na mwaka 1862 akafika bahari ya kaskazini. Nguzo za telegrafu zikafuata nyayo zake, kazi ikakamilika Agosti 1872. Reli ikafuata nguzo, na barabara ya vumbi ikafuata reli. Wote hao, kila mmoja kwa zama zake, walipita pale maji yalipowaruhusu. Nilitaka kuiona njia hiyo kwa macho yangu, na safarini maji yalinionyesha sura zake zote mbili: yanavyofungua njia na yanavyoifunga.

Bandarini hapo Port Augusta, mwaka 1866, walishushwa ngamia zaidi ya 100 kutoka Karachi pamoja na watunzaji wao 31. Aliyewaagiza ni mfanyabiashara Thomas Elder, aliyekuwa na mashamba makubwa ya mifugo kaskazini, ambako farasi na maksai walikuwa wakifa kwa kiu. Watu waliokuja na ngamia waliitwa Waafghani wote kwa jumla, ingawa miongoni mwao walikuwamo Wapunjabi, Wasindhi na Wabulushi, watu ambao sisi wa Mombasa, Tanga na Unguja tunawafahamu tangu enzi za askari wa sultani. Kabla ya kuondoka Adelaide tuliswali Ijumaa katika msikiti waliouchangia watu hao, uliojengwa mwaka 1888 na 1889. Ni jengo dogo la mawe lenye minara myembamba, katika mtaa wa nyumba za kawaida. Nilitoka pale nikiwa na hamu ya kujua waliishi vipi huko walikokwenda.

Kanyaka

Barabara inapenya milima kwenda Quorn, kisha inafunguka kwenye bonde pana la nyasi za kijivu. Kati ya Quorn na Hawker tulisimama kwenye magofu ya Kanyaka. Kuta za mawe bado zimesimama, mabomba ya moshi yapo, lakini mapaa yamekwenda na madirisha yanatazama uwanda mtupu. Shamba hili la kondoo lilikuwa na watu wengi kiasi cha kuwa kijiji. Mwanzilishi wake, kijana wa Kiingereza aitwaye Hugh Proby, alikufa mwaka 1852, na katika nchi hii kavu kilichomuua ni maji: mvua ya radi ilishuka ghafla, mto Willochra ukajaa, akachukuliwa na mkondo alipokuwa akijaribu kukusanya ng'ombe wake. Shamba likaendelea kwa mikono ya wengine mpaka ukame ulipowafukuza.

Kisa cha Kanyaka hakitimii bila kumtaja George Goyder, mpimaji mkuu wa ardhi wa koloni. Mwaka 1865, baada ya ukame mkali, alipanda farasi akazunguka nchi akitazama mimea ilipobadilika, akachora mstari kwenye ramani. Kusini ya mstari, alisema, ngano inaweza kulimwa. Kaskazini yake mvua si ya kutegemewa, waachiwe wafugaji. Miaka ya 1870 ikaja na mvua nzuri. Watu wakaanza kusema kwamba jembe huvuta mvua, kwamba ardhi ikishalimwa hali ya hewa nayo hubadilika. Serikali ikakubali kuwagawia mashamba kaskazini ya mstari. Ikaja miaka ya 1880, mvua ikarudi katika desturi yake, na familia zikafungasha. Tuliyapita magofu yao mchana kutwa: kuta mbili hapa, kisima kilichofukiwa pale, mti mmoja wa pilipili uliopandwa na mtu aliyetaka kivuli mlangoni pake.

Mstari wa Goyder bado unatumika kuielewa nchi hiyo. Nimeona heshima kubwa katika kazi yake: mtu alitazama majani na vichaka kwa makini, akasema kilicho kweli wakati wengi walitaka kusikia kingine.

Ikara

Usiku huo tulilala chini ya Ikara, mahali ambapo ramani za zamani hupaita Wilpena Pound. Ni duara la milima linalozunguka bonde, kuta zake za mawe mekundu zikisimama wima kwa nje na kuinama taratibu kwa ndani. Watu wa Adnyamathanha, wenye nchi hiyo, husimulia kwamba kuta hizo ni miili ya nyoka wawili wakubwa, akurra, waliokuja na kuwazunguka watu waliokusanyika kwa sherehe. Ukiwa chini jioni, jua linapopanda kuta na kuacha bonde kwenye kivuli, utaona migongo ya nyoka hao bila kulazimishwa.

Milima hiyo ina umri unaochosha akili. Katika mawe yake mwanajiolojia Reg Sprigg aliona, mwaka 1946, alama za viumbe laini vya baharini vilivyoishi kabla wanyama hawajapata magamba wala mifupa. Kwa ajili ya mawe hayo kipindi kizima cha historia ya dunia kimepewa jina la vilima vya hapo, Ediacara.

Baridi ilitushika barabara. Asubuhi maji ya beseni tuliyoyaacha nje yalikuwa na ganda jembamba la barafu. Wifi alichemsha chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, tukainywa tumesimama juani, huku emu watatu wakipita kati ya makaravani wakitazama vikombe vyetu.

Farina

Siku iliyofuata kaka alisikiliza utabiri redioni na kunieleza jinsi hali mbaya ya hewa inavyokuja sehemu zile. Wimbi la baridi likipanda kutoka bahari ya kusini, hutanguliwa na upepo wa kaskazini utokao jangwani, mkavu, uliobeba vumbi. Huvuma kwa saa nyingi ukizidi nguvu. Halafu ghafla hugeuka, ukaanza kutoka kusini-magharibi, na pamoja nao baridi na pengine mvua. "Upepo wa kaskazini ukitulia ghafla," alisema, "usidhani yamekwisha. Hapo ndipo yanapoanza."

Kufikia Lyndhurst, ambako lami inaishia, upeo wa macho ulikuwa umepotea. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa rangi ya matofali, ardhi na mbingu vimeungana. Karavani ina ubavu mrefu unaokamata upepo, na upepo wa pembeni huweza kuanza kuiyumbisha, nayo ikaliyumbisha gari. Kaka alipunguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, maana breki ya ghafla huongeza mtikisiko. Nyuma alikuwa amepanga vitu vizito sakafuni, juu ya magurudumu, makusudi kwa siku ya namna hiyo. Tulipoona taa za lori zikitokea ndani ya vumbi mita chache mbele, tukatoka kabisa barabarani, tukasimama, tukawasha taa za tahadhari. Redio ya gari ilikuwa imefunguliwa kwenye masafa ambayo madereva wa malori huongea, na sauti moja ya kizee iliwaambia wote waliokuwa njiani watulie, vumbi zito litapita.

Vumbi lile nililitazama kwa karibu. Halikuwa mchanga. Lilikuwa laini kuliko unga wa muhogo, likipita mahali ambapo hewa yenyewe ni tabu kupita: kwenye mpira wa mlango, kwenye tundu la ufunguo, ndani ya kabati lililofungwa, ndani ya mfuko wa sukari uliokuwa ndani ya kopo. Meno yalisaga vumbi. Wifi alilowesha kanga mbili akazitandaza kwenye matundu ya hewa ya karavani, na baada ya saa moja kanga hizo zilikuwa nyekundu.

Lilipopungua tukasogea mpaka Farina. Mji huu ulianzishwa mwaka 1878 na watu walioamini kwamba ngano ingestawi hapa, mbali kabisa kaskazini ya mstari wa Goyder, na jina wakalichukua kwenye unga. Ngano haikustawi. Mji ulidumu kwa reli na biashara ya mifugo, kisha watu wakahama mmoja mmoja hadi ukabaki mawe. Lakini bekari yake ya zamani, iliyochimbwa chini ya ardhi ili kukwepa joto, imefufuliwa na watu wa kujitolea wanaokuja wiki chache kila majira ya baridi kukarabati magofu. Tulishuka ngazi za mawe, tukaona tanuri la kuni ambalo mlango wake wa chuma umeng'arishwa na mikono. Tulinunua mkate wa moto na andazi lenye matunda ya kwandongi, tunda jekundu la jangwani lenye ukali wa ukwaju. Tukala tumejificha nyuma ya ukuta wa nyumba isiyo na paa, upepo ukipiga kelele juu yetu. Sijala mkate mtamu kuliko ule.

Marree

Tuliingia Marree jioni, upepo umetulia. Kaka aliitazama mbingu, akaanza kazi bila kusubiri. Aliigeuza karavani ili pua yake ielekee kusini-magharibi, akashusha miguu yote minne, akakunja turubai ya kivuli na kuifunga kamba, akachagua kiwanja kilichoinuka kidogo, mbali na mkondo mkavu wa mto. Mimi na wifi tulijaza maji na kuingiza ndani kila kitu kinachoweza kupeperushwa. Saa mbili usiku upepo ukageuka. Saa nne mvua ikaanza.

Mvua ya mwaka mzima huko haifiki milimita 200. Kwetu Tanga hupita 1,200. Kwa hiyo kilichonyesha usiku ule mtu wa Tanga angekiita manyunyu marefu. Lakini asubuhi ubao mkubwa ulio njia panda, unaoorodhesha barabara zote za kaskazini, ulikuwa na neno moja mbele ya kila jina: imefungwa. Birdsville, imefungwa. William Creek, imefungwa. Hata kurudi Lyndhurst, imefungwa. Anayepita penye kufungwa hutozwa faini kubwa, na sababu ni ya haki. Gari moja likipita kwenye tope linachimba makorongo, jua likitoka makorongo hayo yanakauka na kuwa magumu, na atakayefuata atavunja springi, pengine akiwa amembeba mgonjwa.

Nilivaa viatu vya mpira nikatoka kwenda kutupa takataka. Hatua ya kwanza ilibeba udongo, ya pili ikaongeza, na kabla sijafika kwenye pipa kila mguu ulikuwa na donge zito la mfinyanzi lililonilazimu kulikwangua kwa kijiti. Udongo huo ndio unaokwamisha magari. Hujaza mifereji ya tairi, halafu hujaa kati ya tairi na bodi, mpaka gurudumu linakataa kuzunguka.

Basi tukakaa. Na kukaa kule ndiko kulikonipa Marree. Mji wenyewe ni mitaa michache, hoteli moja kubwa ya mawe ya mwaka 1883, na stesheni isiyo na treni. Upande mmoja wa reli waliishi Wazungu. Upande wa pili waliishi Waafghani na wenyeji wa asili. Huko upande wa pili ipo mitende iliyopandwa na wachunga ngamia, na umejengwa mfano wa msikiti wao: nguzo za miti, paa la nyasi, kuta hazipo, na mbele yake birika la udhu. Nilisimama pale mvua ikidondoka, nikaelekea kibla kama walivyoelekea wao, nikawaombea dua.

Misafara yao ya ngamia ilibeba sufu kutoka mashambani, na kurudi na unga, chai, vyuma, piano, barua. Ndio waliobeba vifaa vya telegrafu na vya reli katika nchi ambayo bila wao isingefikika. Malipo yao yalikuwa machungu. Baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901, iliyolenga kuifanya Australia nchi ya weupe, wengi walinyimwa uraia na kuzuiwa kuleta familia. Malori yalipoingia, Australia Kusini ilitunga mwaka 1925 sheria ya kuruhusu ngamia wasio na mwenyewe wauawe. Wako wachunga ngamia ambao hawakuweza kuwapiga risasi wanyama waliosafiri nao maisha yote. Waliwafungulia usiku, wakawaacha waende. Vizazi vya ngamia hao leo ni mamia ya maelfu jangwani, na vizazi vya wenyewe wapo Marree, Port Augusta na Alice Springs, wakibeba majina ya Kiislamu na damu ya wenyeji wa asili.

Reli nayo ina kisa chake. Ilifika Marree mwaka 1884, Oodnadatta 1891, Alice Springs 1929, na treni yake ikaitwa Ghan kwa ajili ya Waafghani hao. Upana wa reli zake ulikuwa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA yetu. Ilijengwa kwenye mstari wa chemchemi kwa sababu injini za mvuke zilihitaji maji, lakini mstari huo hukatwa na mito ya msimu, na kila mafuriko yalisomba tuta. Husimuliwa kwamba safari moja ilikwama wiki mbili, dereva akawa anawinda mbuzi mwitu kuwalisha abiria. Mwaka 1980 njia mpya ikafunguliwa mbali magharibi, kwenye ardhi isiyofurika, na ya zamani ikaachwa.

Jioni majirani wa makaravani walikusanyika chini ya kibanda cha bati. Mama mmoja mstaafu alikanda unga kwa maji, chumvi na hamira ya unga, akautia kwenye chungu kizito cha chuma, akakiweka kwenye makaa na kupalia mengine juu ya kifuniko, kama bibi zetu wanavyopalia mkate wa kumimina. Mkate huo, dampa, ndio waliokula wachunga mifugo wa nchi ile kwa vizazi. Wifi akapika pilau ya mbuzi. Bati likivuma kwa mvua, tukabadilishana sahani. Mzee mmoja, aliyekuwa ameipita njia hiyo miaka mingi, aliuliza bizari ni nini akaongezewa mara mbili. Aliniambia jambo nililoliandika usiku uleule: asiyekuwa na wiki moja ya ziada asije kaskazini ya Marree.

Chemchemi

Ubao ulipoonyesha kwamba barabara ya William Creek imefunguliwa, tuliondoka polepole, tairi zimepunguzwa upepo ili zikumbatie changarawe. Jangwa lilikuwa limeoshwa. Mawe madogo ya kahawia yanayofunika uwanda, yaliyosuguliwa na upepo mpaka yakang'aa, yalimetameta hadi upeo wa macho, na kati yake majani madogo yalikuwa yamekwisha chomoza.

Barabara inapita ukingoni mwa Kati Thanda, yaani ziwa Eyre, kwa upande wake wa kusini. Sehemu ya chini kabisa ya ziwa zima iko mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari. Ndiyo ardhi ya chini kuliko yote Australia. Tuliona weupe wa chumvi bila mwisho, na karibu na ukingo maji ya kina kifupi yaliyoletwa na ile mvua. Ziwa hulishwa hasa na mito inayoanzia Queensland, na mafuriko huchukua wiki nyingi kuteremka jangwani kabla ya kulifikia. Mwaka 1974 lilijaa kuliko wakati wowote uliorekodiwa. Likijaa, ndege aina ya mwari huja kwa maelfu, na namna wanavyopata habari bado huwastaajabisha wataalamu. Watu wa Arabana, ambao mwaka 2012 mahakama ilithibitisha haki yao juu ya nchi hiyo, hulihesabu ziwa kuwa mahali patakatifu na huomba wageni wasilikanyage. Tulilitazama kutoka kilimani.

Mbele kidogo, kwenye hifadhi ya Wabma Kadarbu, tulifika kwenye kitu nilichokifuata kutoka mbali. Katikati ya uwanda usio na mti kuna kilima kifupi cha mawe meupe, na juu yake kidimbwi cha maji kinachozungukwa na matete mabichi. Katika kidimbwi hicho mchanga unavimba kutoka chini, unapanda, unafunguka juu ya maji, unazama, kimya kidogo, unavimba tena. Waarabana husimulia kwamba nyoka aliuawa hapa, kilima kilicho karibu ni kichwa chake, na mchanga unaojipindua ni mtukutiko wake wa kufa. Wanajiolojia nao husema maji haya yanatoka bonde la maji ya ardhini lenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.7, zaidi ya moja ya tano ya bara zima. Ni mvua iliyonyesha kwenye milima ya mashariki, ikazama kwenye mawe, ikasafiri chini kwa chini mpaka ikapata ufa wa kutokea. Maji mengine ya bonde hilo yamekuwa njiani kwa zaidi ya miaka milioni moja.

Nilichutama ukingoni nikatia mkono. Yalikuwa vuguvugu. Kutoka pale niliweza kuona kwa mstari mmoja tuta la reli ya zamani na barabara yetu. Telegrafu imekufa, reli imekufa, na chemchemi iliyoziita zote inaendelea kububujika.

Tulilala Coward Springs, kituo cha zamani cha reli chenye mitende mirefu iliyopandwa miaka ya 1890. Kisima cha enzi hizo kimetengenezewa birika la mataruma ya reli, na maji yake ni ya vuguvugu. Usiku, kwenye baridi ile, tulikaa humo mpaka vidole vikakunjamana, nyota zikiwa zimeshuka mpaka kwenye upeo wa macho pande zote nne.

William Creek

William Creek ni hoteli ya bati, pampu ya mafuta, uwanja wa ndege ndogo na wakazi wachache sana. Kuizunguka ni shamba la ng'ombe la Anna Creek, linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Lingemeza Unguja na Pemba mara kadhaa. Katika nchi ya masafa hayo daktari huja kwa ndege. Huduma hiyo ya madaktari wa angani ilianzishwa mwaka 1928 na mchungaji John Flynn, na kila msafiri hujua barabara zenye alama nyeupe ambapo ndege huweza kutua.

Tulikuwa tumekusudia kwenda Oodnadatta, lakini mto Neales ulikuwa umejaa na barabara ya kaskazini imefungwa. Mwenye hoteli alitueleza hivyo kwa utulivu wa mtu anayetaja siku ya wiki. Kaka akauliza barabara ya magharibi. Wazi, tangu asubuhi. "Mdogo wangu," akasema, "mvua imetupangia njia. Tuifuate." Tukaelekea Coober Pedy, kilomita 166.

Coober Pedy

Mji huu unatangazwa na vichuguu vya udongo mweupe, maelfu kwa maelfu, kila kimoja mdomoni mwa shimo. Mwaka 1915 mvulana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyekuwa na baba yake katika msafara wa kutafuta dhahabu, alitoka kutafuta maji akaokota opali. Wachimbaji wakaja kutoka kila pembe ya dunia. Joto lilipowashinda, walihamia ndani ya mashimo yao, na mpaka leo watu wengi wa mji wanaishi chini ya ardhi. Tuliingia katika nyumba moja: kuta za mawe ya waridi zenye mistari ya mashine iliyozichonga, rafu zilizochongwa ukutani, ukimya mzito. Humo joto hubaki nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima, nje kukiwa na jua la nyuzi 45 au baridi ya alfajiri. Waserbia wamechonga kanisa zima chini ya ardhi, lenye dari ya upinde na watakatifu waliochongwa kwenye mwamba.

Dukani muuzaji alitukumbusha Januari 2022. Mvua kubwa ilivunja barabara kuu na reli kusini ya mji, malori yakakwama, rafu zikabaki tupu, na ndege ya jeshi ikaleta chakula. Barabara ya lami, reli ya kisasa, vyote vilisimama pale maji yaliposema simama.

Nawaandikia wenzangu, hasa Waswahili wanaoishi Adelaide, Melbourne na Perth, ambao wengi wao hawajawahi kupita Port Augusta. Nendeni. Nendeni kati ya Mei na Agosti, mkiwa na maji ya kutosha, redio ya gari, na heshima kwa kila ubao wa barabarani na kila mwenyeji anayekwambieni mngoje. Katika nchi ile waliodumu ni waliokubali kusikiliza: Waarabana kwenye chemchemi zao, wachunga ngamia kwenye misafara yao, wachimbaji chini ya mwamba wao. Wengine wameacha kuta zisizo na mapaa. Na mvua ikiwafungia njia, msihesabu siku hizo kuwa hasara. Mimi Marree niliijua kwa sababu barabara ilifungwa. Ingekuwa wazi, ningeipita kwa nusu saa na kudhani nimeiona.